Bima Imekufa: Majeruhi na Mwenye Gari Waachiwe Nani?

Ukifika kwenye baraza ya mahakama yoyote ya mjini kabla ya saa tatu asubuhi, utawatambua bila kuambiwa. Mmoja ameegemea nguzo, mkongojo kando, mapajani amepakata bahasha kubwa ya kaki yenye picha za eksirei. Pamoja na picha hizo mna abstrakti ya polisi, fomu ya majeraha ya P3 iliyochanika mikunjoni, stakabadhi za hospitali zilizofifia wino, na nakala ya hukumu iliyopigwa muhuri. Huyo alishinda kesi. Hatua chache kutoka hapo amekaa mwenzake, amekumbatia faili la plastiki lenye barua za dalali na taarifa ya mkopo wa chama cha ushirika. Huyo alishindwa. Hawatazamani. Kampuni ya bima iliyopaswa kusimama kati yao imefungwa, na sasa hukumu ile ile inawaumiza wote wawili.

Tunaandika tahariri hii kwa sababu watu wa namna hiyo wanaongezeka nchini Kenya, na kwa sababu hakuna anayewaambia lolote la maana.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kampuni ya Xplico iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Mwaka 2024 Invesco, iliyokuwa mkatia bima mkubwa wa matatu, ikaamriwa na mahakama ifilisiwe. Kabla yao zilianguka United mwaka 2005, Standard mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011 na Concord mwaka 2013. Nyingi kati ya hizo ziliishi kwa bima za magari ya abiria. Kwa miaka 20 tumetazama filamu moja ikirudiwa: kampuni inapunguza bei ya bima ili iwavute wenye matatu, inakusanya ada za kila mwezi, inakawia kulipa fidia, kesi zinarundikana, mawakili wa wadai wanakamata meza na kompyuta za afisi zake, kisha siku moja mlango unafungwa. Steji zilijua. Makarani wa mahakama walijua. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, yenye kazi ya kujua kabla ya wote, imekuwa ikifika wakati mgonjwa amekwisha kata roho.

Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Wanaobaki hai wakiwa wamevunjika viungo ni wengi kuliko hao. Ndiyo sababu sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, haimruhusu mtu kuingiza gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, ile thadi pati tunayoijua sote. Nia yake ilikuwa safi: mwenda kwa miguu aliyegongwa Mlolongo au Mtwapa asihangaike kuuliza mwenye gari ana uwezo gani, kampuni ilipe. Lakini sheria hiyo haikumwondolea mwenye gari deni. Ilimpa mlipaji tu. Mlipaji akifa, deni linarudi kwa mwenyewe, pamoja na riba na gharama za kesi. Hata kampuni ikiwa hai, bima haimlipi majeruhi mmoja zaidi ya shilingi milioni 3. Zinazozidi ni za mwenye gari. Waulize wenye matatu kumi kama walielezwa hilo siku waliyolipa ada, kisha uwahesabu wanaoitikia.

Ipo Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, ambayo kila anayekata bima huichangia. Kampuni ikifilisiwa, mdai mmoja hulipwa kutoka kwayo si zaidi ya shilingi 250,000. Mtu aliyetiwa chuma kwenye mfupa wa paja, akakaa wodini miezi mitatu, akapoteza kibarua na bado anadaiwa na hospitali, atazigawa vipi fedha hizo? Na hata hizo hazimfuati nyumbani. Lazima ajue kuwa zipo, apeleke hati zake, athibitishe dai lake. Wengi hawajui. Wanaendelea kupiga simu ya wakili ambaye siku hizi haishiki.

Hapo ndipo penye kidonda chenyewe, kwa hiyo tuseme waziwazi kuhusu msaada wa kisheria unaopatikana leo baada ya ajali.

Anayetangulia kufika kitandani pa majeruhi mara nyingi si wakili, ni broka. Amepigiwa simu na mtu wa kituo cha polisi, au wa mochari, au wa hospitali. Amebeba soda na karatasi. Majeruhi bado ana dawa ya usingizi mwilini, mkono wa kulia umefungwa plasta, na anawekewa kalamu katika mkono wa kushoto. Tumeishika moja ya karatasi hizo. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, na mahali pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba iliyotandaa kama doa la chai. Aliyeweka dole hilo alituambia alidhani anakubali kuhamishiwa hospitali nyingine. Kumbe alikuwa amemteua wakili asiyemjua, na kumpa ruhusa ya kupokea malipo kwa niaba yake.

Sheria ya Mawakili inakataza kupigiwa debe. Neno hilo la steji limeingia wodini, na huku wodini linaumiza zaidi, kwa maana abiria aliyeingizwa gari la njia isiyo yake anaweza kushuka kituo kinachofuata. Sheria hiyo hiyo haikubali mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu kesi ikishinda. Hata hivyo, kila mtu anajua mapatano hayo yapo, na kwa haki ni lazima tuseme kwamba bila hayo maskini wengi wasingepata wakili kabisa. Wapo mawakili waaminifu wanaolipia ripoti za daktari kutoka mifukoni mwao na kungoja miaka. Hatuwatii katika kapu moja na wale wanaopokea hundi ya fidia, wakakata ada, wakakata gharama, wakakata kitu kingine kisicho na jina, kisha wakamtumia mteja masalio kwa simu. Lakini mapatano yakifichwa hayana wa kuyakagua, na anayeumia ni yule ambaye nakala ya mkataba hakupewa.

Halafu kuna muda. Kesi ya madhara kama haya lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ikiwa aliyekugonga ni gari la serikali, ni miezi 12. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe ilani kabla ya kesi kuanza au siku chache tu baadaye, la sivyo itasema haikuarifiwa na kukataa kulipa hukumu. Miezi 12 ni mifupi kwa mtu anayejifunza upya kutembea. Tumewasikia watu wakisema, "Nilingoja nipone kwanza." Hiyo ni busara ya kawaida kabisa, ya mtu mzima anayeheshimu mwili wake, na mahakamani inaua dai. Ya kufanywa wiki ya kwanza ni machache na yanaweza kufanywa na ndugu yeyote mwenye miguu mizima: kuandikisha ajali kituoni na kuchukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kupiga picha namba ya gari, kuomba abstrakti yenye jina la kampuni ya bima, kujaziwa P3, kuweka kila risiti hata ya bodaboda ya kwenda kliniki. Fidia ya gharama hulipwa kwa risiti. Hakimu hawezi kukupa ulichotumia bila wewe kukithibitisha.

Mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria mbili ambazo zingebadilisha haya. Moja ni Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyounda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Nyingine iliunda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kwa Kiswahili ukitaka, bila kulazimika kuwa na wakili, na kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Fidia ya madhara ya mwili imetajwa ndani ya sheria hiyo. Mtu angedhani majeruhi wamepata kimbilio. Lakini majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kama mahakama hiyo ina uwezo wa kusikiliza kesi za ajali za barabarani, na mdai asiye na wakili anajikuta katikati ya mabishano ya wasomi huku miaka yake 3 ikiyoyoma. Bunge lingeweza kumaliza utata huo kwa kifungu kimoja. Lifanye hivyo.

Ama huduma ya msaada wa kisheria, afisi zake ni chache na bajeti yake ni nyembamba. Anayeifikia kwa kawaida ni mshtakiwa wa jinai au mama mwenye kesi ya matunzo ya watoto, na hao wanastahili. Aliyevunjwa mguu anaambiwa atafute wakili wa kulipwa fidia ikitoka. Kwa maneno mengine, anarudishwa kwa broka.

Sasa tumgeukie yule wa faili la plastiki, kwa sababu huruma ya umma humpita. Mwenye matatu husemwa kana kwamba ni tajiri. Wapo matajiri. Lakini mara nyingi ni mwalimu aliyestaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote katika gari moja, au mama wa duka aliyekopa chamani, wadhamini wake wakiwa majirani. Alilipa bima kila mwezi. Stika ilikuwa halali siku ya ajali. Miaka minne baadaye dalali anabisha hodi na karatasi ya orodha ya mali: makochi, televisheni, friji, ng'ombe wawili. Ana siku 7 za kulipa kabla vitu havijabebwa.

Wakati huo huwa anafanya mambo ya hofu. Anahamisha shamba kwa jina la shemeji. Anakopa kwenye programu za simu ili atulize dalali, na riba ya huko inamla kabla ya mwezi kwisha. Anatoroka nyumbani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomsaidia, na lile la shamba linaweza kumgeuza kutoka mdaiwa na kuwa mlaghai.

Laiti angekuwa na mtu wa kumwambia mapema! Dalali hana ruhusa ya kubeba kila kitu: nguo, sufuria, vitanda na matandiko, na zana anazofanyia kazi fundi haviguswi na sheria ya kesi za madai. Mdaiwa anaweza kuiomba mahakama alipe hukumu kwa mafungu. Na ikiwa deni limemshinda kabisa, ipo Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo ilifuta ile ya kikoloni iliyomchukulia muflisi kama mkosaji wa kuadhibiwa.

Neno muflisi linatisha. Kwetu limebeba aibu ya ukoo mzima, na ndiyo maana watu wanaona heri watoroke kuliko waitwe hivyo. Lakini tazama sheria yenyewe inasema nini. Mtu anaweza kuwaita wadai wake wakapatana juu ya malipo, kwa baraka ya mahakama, bila kutangazwa muflisi. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, na ambaye hajawahi kufilisika, anaweza kuingia katika utaratibu wa wasio na mali kupitia kwa Mfilisi Rasmi wa serikali, na baada ya miezi 12 akafunguliwa madeni yanayohusika. Anayetangazwa muflisi naye hafungwi maisha: baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, huachiliwa, isipokuwa kuwe na pingamizi. Amri ya ufilisi ikitoka, wadai hawaruhusiwi kumkimbiza mmoja mmoja. Wote wanapeleka madai yao mahali pamoja.

Kuna gharama, na asidanganywe na mtu. Mali yake ya kuuzwa itauzwa. Benki iliyoshika kitabu cha gari italichukua gari. Hawezi kugombea ubunge kabla hajaachiliwa. Safari za nje na biashara zina masharti. Ombi la uongo, au la kuficha shamba, litamletea makubwa kuliko deni. Ndiyo maana anahitaji ushauri wa anayeijua kazi hiyo, si wa jirani wala wa kijana wa saiba anayejaza fomu kwa shilingi mia mbili.

Msomaji atauliza: mwenye gari akijificha nyuma ya ufilisi, aliyevunjwa mguu atapata nini? Swali hilo ni la haki na halina jibu tamu. Atapata fungu lake pamoja na wadai wengine, pengine dogo sana. Lakini leo anapata nini? Dalali anauza friji na makochi, anakata ada yake, na kinachomfikia majeruhi hakitoshi nauli za kwenda mahakamani. Mdaiwa ametoroka, gari limeoza uani pa kituo cha polisi, na hukumu inaongeza riba kwenye karatasi. Mkutano mmoja wa wadai mbele ya afisa wa serikali, mali yote ikiwa mezani, ni bora kuliko mbio hizo. Mali iliyohamishiwa kwa shemeji nayo inaweza kurudishwa, kwa sababu sheria ya ufilisi inampa msimamizi wa mali ya muflisi uwezo wa kubatilisha uhamisho wa hila. Majeruhi peke yake, kwa mkongojo wake, hawezi kuifuata.

Kinachotukera zaidi ni kifungo cha deni. Mwaka 2010, mwaka ule ule tuliopata Katiba mpya, Jaji Martha Koome aliamua katika shauri la ufilisi kwamba kumtia mtu jela kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mkataba kunakwenda kinyume na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kenya imeukubali. Majaji wengine baadaye walisema kifungo bado kinaruhusiwa kwa mwenye uwezo anayekataa kulipa kwa ukaidi. Tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka ni kubwa kama ya usiku na mchana, lakini lazima ithibitishwe mbele ya hakimu, na mdaiwa asiye na wakili hajui hata kwamba anatakiwa kuonyesha hali yake ya fedha. Anasimama kizimbani, anainamisha kichwa, anasema "nisameheni". Samahani si ushahidi wa umaskini wake.

Tunataka nini? Mamlaka ya Kudhibiti Bima itangaze kila robo mwaka, kwa Kiswahili na pale steji, ni kampuni gani zinalipa fidia kwa wakati na zipi zimelimbikiza hukumu. Mwenye gari ana haki ya kujua hilo kabla hajatoa pesa yake, na anayeuza bima kwa bei isiyoweza kulipa ajali azuiwe akiwa bado na fedha za watu mkononi. Hazina ya Kitaifa na Bunge wapandishe ile 250,000. Kiwango hicho ni tusi kwa aliyekatwa mguu. Fidia ilipwe kwa jina la majeruhi mwenyewe, na ada ya wakili ilipwe mbali, kwa hesabu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na wote. Chama cha Mawakili kisingoje malalamiko. Kiende wodini, kibandike tangazo juu ya vitanda kwamba hakuna anayelazimika kutia sahihi chochote kabla ya siku ya kutoka hospitali. Hospitali na vituo vya polisi viwafukuze na kuwashtaki wafanyakazi wanaowauza wagonjwa kwa broka.

Wadai wa Xplico na Invesco wasikae kungoja simu. Mwenye hukumu aipeleke kwa msimamizi au mfilisi wa kampuni iliyomkatia bima aliyemgonga, adai risiti ya kuipokea, na aulize Hazina ya Fidia anachotakiwa kuleta. Mwenye gari aliyeshtakiwa asidhani kesi imekufa pamoja na kampuni. Aende mahakamani tarehe iliyotajwa, maana asipofika hukumu itatolewa bila yeye kusikilizwa.

Na ombi letu la mwisho ni kwa Jaji Mkuu Koome, ambaye ndiye aliyeandika uamuzi ule wa 2010. Haligharimu mengi. Kila mahakama ya mjini iwe na meza barazani, saa mbili hadi saa sita, siku za kesi za madai, na nyuma ya meza hiyo akae afisa wa msaada wa kisheria anayejua mambo haya mawili: dai la majeruhi na njia za ufilisi. Awe na fomu za Kiswahili, muhuri, na kiti cha pili. Yule wa bahasha ya kaki ataanza kwa kuuliza kama muda wake umekwisha. Yule wa faili la plastiki atauliza kama kitanda cha watoto kinaweza kubebwa. Yote mawili yanajibika chini ya dakika tano, na Jumatatu ijayo watakuwa pale pale wakingoja wa kuwajibu.